Daftari la Mambo ya Nyumba

Tumeketi katika matanga mengi hapa Uchagani, na mara nyingi twasikia swali lile lile likiulizwa kwa sauti ya chini nyuma ya nyumba, kabla wageni hawajaondoka: "Karatasi zake ziko wapi?" Mjane hajui. Mwana mkubwa yuko Dar es Salaam, naye hajui. Marehemu alijua yote, akaenda nayo.

Watu hudhani ugomvi wa urithi huletwa na wingi wa mali. Sivyo tuonavyo sisi. Mara nyingi huletwa na kutojua. Tazameni habari ya mifugo. Tangu zamani mtu wa mlimani humpa mwenziwe ng'ombe amtunze. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, na ndama hugawanywa kama walivyopatana. Mapatano hayo hukaa vichwani mwa watu wawili. Mmoja akifa, husalia shahidi mmoja tu, naye ndiye mwenye ng'ombe zizini. Hatumwiti mwizi, huenda naye amesahau ndama wa mwaka wa tatu alikuwa wa nani. Kihamba kina nafuu, maana masale ya mpakani huonwa na jirani wote. Lakini shamba la tambarare, lililonunuliwa kwa mtu baki, nani aujue mpaka wake?

Basi twawashauri kila nyumba iwe na daftari moja. Ziandikwe humo ng'ombe walioko kwa watu, mashamba na majina ya walioshuhudia ununuzi, na mahali vilipo cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vya kuzaliwa. Cheti cha ndoa msikidharau, kwa kuwa mjane huulizwa hicho mapema. Yaandikwe madeni pia, tunayodai na tunayodaiwa. Wengine huona haya kuandika wanayodaiwa. Kumbe deni lililoandikwa kwa mkono wa marehemu huwakinga watoto na wadai wa uongo. Aliye na ajira atazame jina alilojaza katika mfuko wa hifadhi. Yuko aliyejaza jina la mama yake alipokuwa kijana, akaoa, akazaa, asirudi kulitazama.

Siku hizi iko fedha isiyolala sandukuni. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo mkulima aweza kuweka akiba ya kahawa katika simu, na nyumbani pasionekane alama yake. Andikeni namba ya simu, jina la mtandao, benki na tawi lake. Namba ya siri msiiandike. Msimamizi wa mirathi huenda na karatasi za mahakama, wala haihitaji.

Daftari hilo si wosia. Kwa wanaofuata sheria ya mila, kanuni zilizotangazwa mwaka 1963 zataka wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika ushuhudiwe na watu wawili angalau, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua, wanne, wawili kwa wawili. Na mke aliyeko nyumbani ashuhudie pamoja nao. Ofisi ya RITA hupokea wosia na kuutunza.

Wako wazee wasemao kwamba kuandika hivi ni uchuro. Twawaheshimu, lakini nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, Yerusalemu ikiwa imezingirwa na adui. Akaandika hati, akaweka mashahidi, akaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu. Alifanya hivyo kwa kuutazamia wakati ambapo mashamba yatanunuliwa tena.

Kwetu sanduku la bati lafaa zaidi, kwa sababu ya mchwa. Mke ajue lilipo, na mtu mmoja wa pili asiyekaa nyumba hiyo. Mume amfichaye mkewe daftari hajaandika kitu. Kisha kila mwaka, kahawa ikiisha kuuzwa, ketini wawili mlisome: deni lililolipwa mlifute, na ndama aliyezaliwa kwa jirani mmwongeze, pamoja na tarehe.