Kompyuta Kuukuu Haijafa, Inadai Draiva

Wadau wa Elimu, bumu likiingia na barua za fildi zikitoka, wengine mtapangiwa Mbulu na Hanang kama mimi. Huko nimekuta somo la kompyuta likifundishwa ubaoni, kibodi imechorwa kwa chaki, na pembeni kuna mashine zimefunikwa kitambaa. Ukiuliza, unajibiwa: "Kadi ya picha imekufa." Nyingi hazijafa. Zilipigwa Windows upya, basi, draiva haikuwekwa.

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Ikikosekana ya kadi ya picha, Windows inatumia ya dharura: maandishi yanakuwa makubwa kama bango, video inakwamakwama, na projekta inaweza kugoma.

Kwanza, hakikisha si ugonjwa wa kadi yenyewe. Washa mashine uangalie kioo kabla Windows haijaanza. Ukiona mistari au rangi zimevurugika hapo hapo, draiva haihusiki. Jaribu waya mwingine, zima umeme, futa vumbi, chomeka kadi upya. Kama pale mwanzo kioo ni safi, endelea.

Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika devmgmt.msc, kisha fungua "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", au kwenye Windows 7 "Standard VGA Graphics Adapter", umempata mchawi.

Sasa ijue kadi. Bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Properties", "Details", halafu "Hardware Ids". VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Herufi nne baada ya DEV_ zinataja aina kamili. Hapa huhitaji hata intaneti. Piga picha kwa simu. Angalia pia kama Windows ni ya biti 32 au 64, maana draiva ya 64 haiingii kwenye 32.

Siku ukienda Katesh, Haydom au Mbulu mjini kwenye mtandao mzuri, pakua kwenye flashi. Anza na tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, hasa kama ni laptopu, ndipo uende kwa aliyetengeneza kadi. Zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mpigo achana nazo. Zinakula bando na nyingine zinaleta virusi.

Kabla ya kuweka, tengeneza "restore point". Kama kisakinishi kinakataa kwa kuwa mashine ni ya zamani, fungua kifurushi chake kwenye folda, rudi "Update driver", chagua kutafuta ndani ya kompyuta, onyesha folda yenye faili la .inf. Mara nyingine draiva ya Windows 7 inakubali hivyo kwenye Windows 10.

Kioo kikiwa cheusi baada ya kuwasha upya, msiogope. Ingia "Safe Mode", rudi kwenye orodha ileile, bonyeza "Roll Back Driver" au iondoe kabisa.

Na kama draiva haipo popote? Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Jaribu Linux Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Draiva za kadi nyingi za Intel na AMD zimo humo tayari. Ila muombe ruhusa mkuu wa shule kwanza, na faili za shule zihifadhiwe pembeni.

Mashine moja ikipona, wanafunzi watano wanaacha kubonyeza kibodi ya chaki. Kabla ya kuondoka, mwachie mwalimu wa somo ile flashi, na mwandikie hatua hizi kwenye karatasi. Fildi yako ina mwisho, yeye anabaki.