Ngeli kwa Njia ya Mazungumzo ya Sokoni

Wanafunzi wetu wengi wa Arua na Koboko huja darasani wakiwa tayari wanakisema Kiswahili. Wamekipata sokoni na mpakani, wakikutana na wafanyabiashara wa Kongo na Sudan Kusini. Tatizo lao ni upatanisho wa kisarufi: utasikia "kitabu yangu" au "viti mbili". Huu si uzembe. Kilugbara na Kikakwa si lugha za Kibantu, wala hazina viambishi vya ngeli kama vya Kiswahili.

Kukariri jedwali la ngeli hakutoshi, na kumcheka mwanafunzi humnyamazisha. Tunapendekeza tuanze na mazungumzo aliyoyazoea, kwa mfano kununua na kuuza:

– Unataka kikapu kipi?
– Nataka hiki kikubwa.

Kisha tubadilishe bidhaa:

– Unataka mkeka upi?
– Nataka huu mkubwa.

Halafu iwe mikeka (ipi, hii mikubwa), na machungwa (yapi, haya makubwa). Mazungumzo ni yale yale, ila kila nomino inamlazimu msemaji abadili viambishi. Baada ya hapo ndipo mwalimu aandike ubaoni kanuni ambayo wanafunzi wameshaitumia.

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Kiswahili chake si kitu, atakiacha, nasi tutakuwa tumempoteza mwalimu wa kesho. Walimu wenzetu, tujenge juu ya kile alichonacho.