Siku kumi za rufani

Wanafunzi wenzetu wametuuliza mara nyingi: mtu akihukumiwa kwa kosa ambalo hakulifanya, jamaa yake wafanye namna gani? Wengi wanajibu, "Watafute feza." Sisi tunasema: kwanza wahesabu siku.

Tuseme kijana anashitakiwa kwamba ameiba mbuzi. Wizi usio na nguvu wala vitisho, sheria yetu inaupa kifungo cha miaka 5, hapana zaidi. Kwa hiyo kesi inakwenda mbele ya tribinali ya amani, ile tunayoita Tripaix. Akipatikana na hatia, naye alikuwapo hukumu iliposomwa, anazo siku 10 za kukata rufani, ndiyo watu wanaita apeli. Kama alihukumiwa bila kuwapo, siku zinahesabiwa tangu kuletewa hukumu ile. Yeye au avoka wake anatangaza kwa grefe kwamba hakubali, na kesi inapanda kwa tribinali ya Grande Instance. Huko waamuzi wanaangalia yote upya: mambo yaliyotendeka na sheria pia. Siku 10 zikipita watu wakingali wanaketi barazani na kubishana, mlango umefungwa.

Sote tunajua habari ya Paulo aliyekata rufani kwa Kaisari. Lakini tuangalie vizuri: Paulo alifanya vile kabla ya kuhukumiwa. Kwetu sherti hukumu itoke kwanza.

Sababu gani wengi wananyamaza? Woga. Wanasema, "Nikipanda juu, wataniongezea miaka." Hapana. Kama ni mshitakiwa peke yake aliyekata rufani, adhabu yake haiwezi kuzidishwa. Ni parke ikikata rufani nayo ndipo inaweza kupanda. Neno hili lingejulikana katika kila boloko, watu wengi wangelala usingizi.

Haki ya rufani imeandikwa katika kifungu cha 21 cha Katiba ya 2006, pamoja na neno lingine la maana sana: hukumu iandikwe, itoe sababu zake, isomwe mbele ya watu. Bila sababu zilizoandikwa, waamuzi wa juu watapima nini?

Kifungu cha 17 kinasema mtu hashitakiwi kwa tendo ambalo sheria haikulikataza siku alipolitenda, na kwamba anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Basi mwenye kungoja rufani tusimwite mwizi, hata pale kwa bomba la maji. Tena kosa ni la mtu mwenyewe. Hapa tunasimama kidogo, maana tumeona mambo mengine: kijana anakimbia, na mama yake anachukuliwa ili kijana arudi. Desturi hii imezoeleka mpaka jirani wanaona ni kawaida. Si kawaida, ni kuvunja Katiba. Mama hawezi kufungwa kwa ajili ya mbuzi aliyeibwa na mwanawe, hata saa moja.

Rufani ya pili ya namna ile ile hakuna. Kuna Cour de cassation kule Kinshasa, lakini yenyewe haiulizi nani aliiba mbuzi. Inauliza tu kama sheria ilifuatwa.

Ndugu akihukumiwa Ijumaa, nendeni kwa grefe Jumatatu. Mwombeni karani karatasi inayoonyesha tarehe mliyotangaza rufani, na mwiweke mahali pasipofika panya.