Uwanda Uliofanywa Mtupu: Kusoma Ramani za Kale za Kasindi

Kwenye ramani ya leo ya Kivu Kaskazini, Kasindi ni mji wa mpakani uliobanwa. Mashariki kuna mto Lubiriha na Uganda, kusini Ziwa Edward, magharibi mto Semliki, na sehemu kubwa ya uwanda unaouzunguka ni ya Hifadhi ya Virunga, au parki kama wanavyosema wenyeji. Uwanda huo karibu hauna jina la kijiji hata kimoja, ilhali miteremko ya Rwenzori upande wa Mutwanga imejaa majina. Msomaji wa haraka ataamini kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu enzi na enzi, watu wakikaa mlimani na wanyama bondeni. Hoja yangu ni kwamba imani hiyo si sahihi, na kwamba shahidi mzuri wa kuipinga ni ramani za kale zenyewe, mradi zipangwe kwa tarehe na kila moja iulizwe imechorwa na nani, na kwa haja gani.

Tukitaka kuanza mbali, tunaweza kuanza Ishango, pale Semliki inapotoka ziwani, ambapo mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mabaki ya wavuvi walioishi takriban miaka 20,000 iliyopita. Lakini kwa ramani, mwanzo unaofaa ni mwaka 1889, Henry Morton Stanley alipopita chini ya mlima upande wa magharibi akiwa na Emin Pasha, wakaizunguka ncha yake ya kusini hadi kwenye chumvi ya Katwe. Ramani aliyoichapisha mwaka uliofuata inaiita sehemu hii Usongora, na maelezo yake ni ya nchi ya nyasi na wafugaji walionyang'anywa ng'ombe na Warasura, askari wa mfalme Kabarega wa Bunyoro. Kwa hiyo palikuwa na watu, na tayari walikuwa wanakimbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikaangamiza mifugo ya Afrika Mashariki, na wafugaji wa uwandani wakabaki mikono mitupu. Kisha likaja janga la malale, na serikali ya Wabelgiji ikawahamisha watu kutoka bonde la Semliki ili kuwatenga na mbung'o. Parki, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert kwenye milima ya volkano kule kusini, ilipanuliwa hatua kwa hatua hadi mwaka 1935 ikaikumba Semliki na sehemu ya Rwenzori. Waliochora mpaka wake upande huu waliikuta nchi iliyokwisha kuhamwa, wakaiandika kama pori. Utupu tunaouona kwenye ramani, basi, ulitengenezwa ndani ya nusu karne hivi, na ulikuwa na sababu zinazotajika moja moja.

Mlima nao ulibadilika kwa sababu hizohizo, kwa kuwa anayetoka bondeni lazima apate pa kwenda. Ndiyo maana si vizuri kuusoma msongamano wa vijiji vya Wanande miteremkoni kana kwamba ni tabia ya watu wa milimani kupenda kubanana. Ramani ikiwekwa peke yake huonyesha tu mahali watu walipo. Ikiwekwa kando ya ile iliyoitangulia, huanza kuonyesha walikotolewa.

Pingamizi la kwanza husema kwamba ramani hizi ni za mkoloni, zimejaa makosa na tamaa, na hazifai kuaminiwa. Makosa yapo kweli, tena makubwa, na mpaka wenyewe wa Kasindi ni mtoto wa kosa mojawapo. Mwaka 1894 Uingereza na Leopold, mfalme wa Wabelgiji aliyeimiliki Dola Huru ya Kongo, walikubaliana kwamba sehemu hii igawanywe na mstari wa longitudo 30 mashariki. Walikubaliana juu ya karatasi, kwani hakuna aliyekuwa amepima mstari huo unapita wapi ardhini. Siku zile longitudo ilitafutwa kwa saa, na saa ikikosea dakika moja tu, hapa karibu na ikweta msafiri hujiweka takriban kilomita 28 mbali na alipo. Ramani za mwanzo ziliusogeza Rwenzori mashariki kuliko ulivyo, Waingereza wakaamini kwamba mlima ni wao. Tume ya mipaka ya mwaka 1907 na 1908 ilipopima, ilionekana kwamba mstari unapita mashariki ya vilele vikuu vya mlima. Kilele chake cha Margherita kiko takriban kilomita 14 magharibi ya mstari huo. Kwa maandishi ya mkataba, vilele vikuu vyote vya Rwenzori vingekuwa vya Kongo. Waingereza hawakukubali kuondoka, na makubaliano ya Brussels ya Mei 1910, yaliyothibitishwa London tarehe 3 Februari 1915, yakauacha mstari na kufuata maji: kutoka mdomo wa Lubiriha ziwani, kuupanda mto huo hadi chanzo chake, kwenda Margherita, kisha kushuka na mto Lamia hadi Semliki. Wanande wa huku na Wakonzo wa kule, wenye lugha moja, wakajikuta katika nchi mbili. Kivuko cha Lubiriha kikapata thamani ambayo kijito cha kawaida hakiwi nayo, na mji wa forodha tunaoufahamu leo ukapata sababu ya kuwepo. Mwanahistoria akizitupa ramani za kabla ya mwaka 1907 kwa sababu zilikosea, atakuwa ametupa maelezo ya kwa nini mpaka uko ulipo.

Kuna makosa mengine yasiyo na uzito huo lakini yanayomtega mtafiti. Wasafiri wengi wa zamani waliviandika vijiji kwa jina la chifu waliyemkuta. Chifu akifa, jina linatoweka kwenye ramani inayofuata, na msomaji anadhani kijiji kimekufa. Jina la Kasindi lenyewe lina mtego wake, maana leo linabebwa na mji wa barabarani, ambao wengi huuita Lubiriha, na pia na Kasindi-Port kandokando ya ziwa. Anayeliona kwenye ramani ya mwanzo wa karne ya 20 aulize kwanza ni Kasindi ipi. Vilevile anayetaka kulaza ramani ya kale juu ya mpya asitumie mikondo ya mito ya uwandani kuwa alama zake, kwa kuwa mito hiyo huhama, wala ukingo wa barafu ya Rwenzori, iliyokuwa na takriban kilomita za mraba 7.5 mwaka 1906 na ambayo kufikia 2005 ilibaki kama 1.5. Ashike vilele vya mlima.

Pingamizi la pili huja na teknolojia: tuna satelaiti, karatasi za nini? Picha za satelaiti za Landsat zinaanzia mwaka 1972, na wakati huo malale, parki na mpaka vilikuwa vimeshafanya kazi yao. Hata picha za ndege zilizopigwa wakati wa Wabelgiji katika miaka ya 1950, ambazo jumba la makumbusho la Tervuren linazihifadhi kwa maelfu, zinaikuta hadithi katikati. Tena satelaiti ina upofu wake. Katika sekta ya Rwenzori mashambulizi ya waasi wa ADF yamewafukuza wakulima kutoka mashamba yao. Shamba la kakao au la kahawa lililoachwa misimu kadhaa huota vichaka, na kwa mtazamaji wa angani kijani hicho kinaweza kusomeka kama msitu unaopona. Ni kosa lilelile la miaka ya 1930: nchi iliyokimbiwa inaandikwa pori.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wanaohofia fitina. Wanasema ukimpa mtu ramani inayoonyesha kijiji cha babu yake ndani ya parki, umempa panga. Hofu hiyo siidharau. Lakini ugomvi wa mipaka ya parki upo tayari, na unaendeshwa kwa madai ambayo hakuna anayeweza kuyapima. Ramani za kale, zikisomwa kwa haki, hazimpi mtu yeyote ushindi kamili. Zinaidhoofisha hoja ya kwamba uwanda haukuwa na wenyewe, na papo hapo zinaidhoofisha hoja ya mkulima anayedai kwamba ulikuwa wa ukoo wake peke yake, kwani zinamleta mezani Msongora mfugaji ambaye wengi wangependa asikumbukwe. Pia ramani ya msafiri si hati ya kumiliki ardhi. Inahitaji kusikilizwa pamoja na wazee wanaojua majina ya vilima na ya makaburi ya watemi, na pale wanapotofautiana ndipo kazi ya utafiti inapoanza.

Kwa sasa anayetaka kuziona picha na ramani nyingi za Kasindi hana budi kuzitafuta Ubelgiji. Barabara ya lami ya kilomita 80 kati ya Kasindi na Beni, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mpakani mwezi Juni 2021, inapandisha thamani ya kila kiwanja kando yake, na mabishano ya ardhi yataongezeka. Nakala za picha na ramani hizo ziletwe Butembo, katika Chuo Kikuu cha Graben, na katika ofisi ya wilaya ya Beni, kabla mtu yeyote hajapigilia kigingi kingine cha mpaka wa parki.