Nasikia, Nasikia: Kutafakari Ndani ya Kelele za Eastlands

Mwaka wa 1990 kijana Mganda, Steven Kaboggoza, alikwenda India kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Panjab, Chandigarh. Alikuwa amelelewa Mkatoliki, na kilichompeleka ni shahada. Chuoni akakutana na watawa wawili wa Kibudha kutoka Thailand, wanafunzi kama yeye. Utulivu wao ulimvuta, wakawa marafiki, naye akaanza kutafakari. Mwaka wa 2002, jimboni California, mtawa wa Myanmar aitwaye U Silananda alimpokea katika utawa. Akaitwa Buddharakkhita, na mwaka wa 2005 akaanzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe.

Kisa hiki kinatuhusu sisi watu wa Eastlands, Nairobi, kwa sababu mtawa aliyempokea alitoka katika njia ya kutafakari isiyodai ukimya. Ukitaja kutafakari huku, wengi hufikiria ukimya wa msitu au wa hoteli ya Naivasha. Sasa sisi wa Umoja, Kayole na Buruburu ukimya huo tutautoa wapi? Ploti zimebanana, jirani akikaanga vitunguu unasikia. Nganya, yaani matatu yenye muziki mkubwa, ikipita, madirisha yanatetemeka. Jumapili ni vipaza sauti vya makanisa.

U Silananda alifundishwa na mtawa Mahasi Sayadaw, na njia ya mwalimu huyo haimtaki mtu akimbie kelele. Unakaa, unafuatilia tumbo likipanda na kushuka kwa pumzi. Honi ikilia, unatambua kimoyomoyo: nasikia, nasikia. Honi ikikupandisha hasira, unaitambua nayo: hasira, hasira. Kisha unarudi kwenye pumzi. Akili itatoroka tena, na kuirudisha ndiyo kazi yenyewe. Kwa mtu aliyekwama Jogoo Road jioni, makanga akipayuka mlangoni na kodi ya nyumba ikimsumbua, hili si jambo dogo. Hasira iliyotambuliwa ndani ya matatu haifiki nyumbani kumwangukia mtoto.

Wazazi wengine watahofu kwamba kutafakari huku ni dini ngeni, na hofu hiyo naiheshimu. Lakini Jon Kabat-Zinn, Mmarekani ambaye naye alianza kutafakari akiwa mwanafunzi, katika chuo cha MIT, aliyapeleka mazoezi haya hospitalini Massachusetts mwaka wa 1979. Aliwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu, bila kumtaka yeyote abadili imani yake. Mama wa mtaa wa Jericho hapa Eastlands anaweza kukaa hivyo dakika chache alfajiri, kisha achukue rozari yake aende misa.