Kupanda na kushuka daraja: Biashara United ilivyotoka nafasi ya nne hadi kuaga Ligi Kuu

Kwa misimu minne, shabiki wa soka wa Mugango hakuhitaji kwenda mbali kuziona Simba na Yanga. Alipanda gari hadi Musoma mjini, akalipa kiingilio Uwanja wa Karume, akaona.

Sababu ilikuwa moja tu: Mara ilikuwa na timu Ligi Kuu. Biashara United ilipanda mwaka 2018, ikashuka mwaka 2022. Tangu hapo hadi msimu wa 2025/26, mkoa huo haujawa na timu kwenye ligi hiyo.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba mwaka mmoja kabla ya kushuka, Biashara ilimaliza nafasi ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Ilifikaje huko chini? Na timu iliyoshuka inarudije? Huu hapa utaratibu wenyewe, hatua kwa hatua.

Ngazi ziko ngapi?

Tuseme vijana wa Mugango wameanzisha timu leo na wanataka kufika Ligi Kuu. Safari yao iko hivi:

1. Ligi ya wilaya. Hapa wanakutana na timu za kata nyingine za Musoma Vijijini.

2. Ligi ya mkoa. Timu zilizofanya vizuri wilayani zinatafuta bingwa wa Mara.

3. Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Bingwa wa Mara anakutana na mabingwa wa mikoa mingine ya Tanzania Bara. Mechi ni chache na zinachezwa kwa muda mfupi. Siku moja mbaya inatosha kuwarudisha nyumbani.

4. First League. Zamani iliitwa Ligi Daraja la Pili.

5. Championship. Hii ndiyo ile iliyoitwa Ligi Daraja la Kwanza hadi jina lilipobadilishwa msimu wa 2021/22.

6. Ligi Kuu Bara.

Kwa hiyo timu inatakiwa kupanda mara tano. Hata mambo yakienda vizuri kila mwaka, hiyo ni kazi ya miaka kadhaa, na kila ngazi ina gharama zake za safari, usajili na waamuzi.

Nani anashuka, nani anapanda?

Ligi Kuu ina timu 16. Kila timu inacheza na nyingine 15 nyumbani na ugenini, jumla mechi 30. Ushindi ni pointi tatu, sare pointi moja.

Mwisho wa msimu, mambo yanakuwa hivi:

Nafasi ya 15 na 16 zinashuka moja kwa moja. Hakuna mjadala.

Nafasi ya 1 na 2 za Championship zinapanda moja kwa moja kuchukua nafasi hizo.

Nafasi ya 13 na 14 za Ligi Kuu zinaingia kwenye mchujo. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Mchujo unachezwaje?

Timu ya 13 na ya 14 zinakutana kwa mechi mbili, nyumbani na ugenini. Anayeshinda kwa jumla ya mabao amebaki Ligi Kuu, anaweza kwenda kupumzika.

Aliyeshindwa hajashuka bado. Anapewa nafasi ya pili.

Wakati huohuo, timu ya 3 na ya 4 za Championship nazo zinacheza mechi mbili. Mshindi wao anakutana na yule aliyepoteza mchujo wa Ligi Kuu, tena nyumbani na ugenini. Atakayeshinda anacheza Ligi Kuu msimu unaofuata.

Kwa hiyo timu ya Ligi Kuu inaweza kupoteza mchujo wa kwanza na bado ikabaki. Lakini timu ya Championship iliyo kwenye mchujo haina nafasi ya kukosea: lazima imtoe mwenzake, kisha imtoe timu ya Ligi Kuu.

Ni ngumu, ila inawezekana. Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma iliitoa Mbeya City kwa njia hii na kupanda. Mwaka 2025 Stand United ya Shinyanga ilijaribu, ikakwama kwa Fountain Gate.

Na mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Biashara United. Ilifika hadi mchujo wa mwisho dhidi ya Tabora United. Mechi mbili tu zilikuwa zimebaki ili Ligi Kuu irudi Karume. Tabora ikashinda kwa jumla ya mabao na kubaki.

Pointi zikilingana?

Inaangaliwa tofauti ya mabao, yaani mabao ya kufunga ukitoa ya kufungwa.

Watu hulidharau jambo hili hadi siku linapowauma. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba zilimaliza na pointi 69 kila moja. Azam ikawa ya pili kwa tofauti ya mabao, ikaenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ikaenda Kombe la Shirikisho.

Huko chini ya msimamo, hesabu hiyohiyo ndiyo inaweza kumtenganisha aliyepona na aliyeingia kwenye mchujo. Ndiyo maana timu inayofungwa 4-0 dakika ya 85 bado inatakiwa kujilinda. Bao la tano linaweza kuidai mwezi Mei.

Mbona kuna misimu wanashuka wengi?

Kwa sababu idadi ya timu za Ligi Kuu imekuwa ikibadilishwa.

Msimu wa 2017/18 zilikuwa timu 16. Zikashuka mbili, Njombe Mji na Majimaji, zikapanda sita: JKT Tanzania, African Lyon, KMC, Coastal Union, Alliance na Biashara United. Piga hesabu: 16 toa 2, jumlisha 6, unapata 20.

Biashara ilipanda kwenye mwaka huo wa neema, mlango ulipokuwa wazi.

Baadaye mlango ukaanza kufungwa. Mwaka 2020 ligi ilipunguzwa hadi timu 18, na mwaka 2021 ikarudi 16. Mwaka huo wa 2021 zilishuka timu nne, Gwambina, JKT Tanzania, Ihefu na Mwadui, zikapanda mbili tu, Mbeya Kwanza na Geita Gold.

Funzo ni kwamba pointi zilezile zinaweza kukuokoa msimu mmoja na kukushusha msimu mwingine. Kabla ya ligi kuanza, shabiki anatakiwa kujua mwaka huu wanashuka wangapi.

Basi Biashara ilishukaje?

Nafasi ya nne ya msimu wa 2020/21 iliipa Biashara tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa timu ya Musoma iliyokuwa na misimu mitatu tu Ligi Kuu, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ilianza vizuri. Iliitoa Dikhil ya Djibouti. Kisha Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 jijini Dar es Salaam. Kilichobaki kilikuwa marudiano.

Marudiano hayakuchezwa. Biashara ilikwama kwenye safari, haikufika Libya, na ikatolewa mashindanoni. Timu iliyoshinda 2-0 ikatoka bila kufungwa hata bao moja.

Msimu huohuo, Biashara ikashuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza. Nafasi zao zikachukuliwa na Ihefu na DTB.

Haiwezekani kusema safari ile peke yake ndiyo iliyoishusha. Ila inaonyesha kitu ambacho msimamo wa ligi hauonyeshi: kupanda kunahitaji wachezaji, kubaki kunahitaji wachezaji pamoja na fedha na ofisi inayofanya kazi. Timu ya Musoma inakwenda kucheza Mbeya, Lindi, Tanga na Dar es Salaam. Kila safari ni mafuta, hoteli na chakula cha watu zaidi ya 20.

Ikikosa kufika uwanjani bila sababu inayokubalika, inapoteza mchezo na inaweza kukatwa pointi juu yake. Hapo unaweza kushuka daraja ukiwa barabarani, si uwanjani.

Kushuka kunaumiza vipi mfukoni?

Ligi Kuu inaonyeshwa na Azam TV. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Fedha za mikataba ya namna hiyo zinagawiwa kwa klabu za Ligi Kuu. Ukishuka, mgawo huo unauaga.

Hasara haiishii hapo. Wachezaji wazuri wanaondoka. Mechi za Simba na Yanga, ambazo ndizo zinazojaza uwanja, zinakwisha. Na siku ya mechi kubwa hafaidi klabu peke yake: kuna bodaboda, mama lishe, wenye nyumba za wageni na wauza jezi. Timu ikishuka, nao wanashuka kidogo.

Ndiyo maana timu nyingi zinazoshuka zinachelewa kurudi. Pamba ya Mwanza ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi mwaka 2024 kama Pamba Jiji. Lakini zipo zinazogeuka haraka: Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka 2024 na kurudi 2025.

Kuna njia ya mkato?

Ipo, na mashabiki wengi hawaipendi: kuhamisha timu.

Kitayosce ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023, ikabadili jina na kuwa Tabora United. DTB ilipopanda mwaka 2022 ikawa Singida Big Stars. Ihefu, iliyokuwa ya Mbarali mkoani Mbeya, ilihamia Singida na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars.

Mji mmoja unapata timu ya Ligi Kuu bila kuanzia ligi ya wilaya, na mji mwingine unapoteza timu bila kushuka daraja.

Kwingine wanafanyaje?

Marekani, ligi yao kuu ya soka, MLS, haina kupanda wala kushuka. Klabu inaingia kwa kulipa ada. Ukimaliza wa mwisho, mwakani upo tena.

Ireland wana mchezo wao wa jadi unaoitwa soka la Gaelic, ambao wachezaji wanaruhusiwa kushika mpira kwa mikono. Ligi yao ina madaraja manne, kila daraja timu nane. Mbili za juu zinapanda, mbili za chini zinashuka. Hesabu ni rahisi kuliko ya kwetu.

Tofauti kubwa ni kwamba timu hizo ni za kaunti na wachezaji hawalipwi mishahara. Ni kama Mara icheze na Kagera kwa vijana wake. Timu ikishuka daraja, hakuna tajiri wa kuinunua na kuihamishia kaunti nyingine. Inabaki kwao, inajipanga upya.

Jinsi ya kusoma msimamo

Ligi ikikaribia kwisha, mambo matatu yanatosha kujua nani yuko hatarini:

Kwanza, angalia mstari wa nafasi ya 12. Huo ndio wa usalama. Chini yake ni mchujo au kushuka.

Pili, zidisha mechi zilizobaki mara tatu. Timu yenye pointi 28 na mechi tatu mkononi inaweza kufika 37, haizidi hapo. Kama timu ya 12 tayari ina 38, basi usalama wa moja kwa moja umeshapita. Kilichobaki ni kupigania mchujo.

Tatu, angalia tofauti ya mabao. Timu yenye tofauti mbaya ihesabiwe kama ina pointi moja pungufu.

Kwa Mara, hesabu ya kurudi Ligi Kuu inajulikana: nafasi mbili za juu Championship, au nafasi ya tatu na ya nne kisha mechi nne za mchujo. Mwaka 2024 Biashara ilifika mechi mbili za mwisho. Njia ipo. Kazi ni kupata timu itakayofika huko tena, ikiwa na nauli ya kwenda na kurudi.