Ndege Ziliondoka, Zege Likabaki

Huko Eye, mji mdogo wa Suffolk mashariki mwa Uingereza, kuna kituo cha umeme kinachoendeshwa kwa uchafu wa mabanda ya kuku. Maranda yaliyochanganyika na kinyesi huletwa kwa malori na kutiwa motoni, maji yakachemka, mvuke ukazungusha mtambo. Kilipoanza kazi mwaka 1992, kilikuwa cha kwanza duniani cha aina yake. Jirani kuna mitambo mirefu ya upepo, maghala na viwanda vidogo. Pale ambapo mashine hazijafukua, mabamba ya zege yamelala chini, nyasi zikichomoza kwenye viungo vyake kwa mistari iliyonyooka. Ni mabaki ya njia ya kurukia. Kuanzia mwaka 1944, ndege za Marekani za kikosi cha 490 ziliruka kutoka hapo zikiwa zimesheheni mabomu ya kwenda kuangushwa Ujerumani.

Watu huuliza kwa nini viwanja vya ndege vya Vita vya Pili vya Dunia kama hicho vinafanana sana vikitazamwa kutoka angani. Jibu ni upepo. Ndege nzito hupenda kuruka ikiukabili upepo, na ukivuma kutoka ubavuni unaweza kuitoa njiani. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1942 Waingereza walishika ramani moja: njia tatu zinazokatana, umbo lake likikaribia herufi A. Kubwa ilikuwa na urefu wa mita 1,830 hivi, na ilielekezwa kule upepo unakotoka mara nyingi. Mbili ndogo zilikuwa za mita 1,280 kila moja, na zote zilikuwa na upana wa mita 46. Barabara ya zege ilizizunguka zote, na kandokando yake kukawa na maegesho yapatayo 50, yaliyotawanywa makusudi ili bomu moja la adui lisiteketeze ndege nyingi kwa mkupuo.

Mwaka huo wa 1942 kiwanja kipya kilikuwa kikikamilika takribani kila siku tatu. Kifusi cha nyumba za London zilizobomolewa na mabomu ya Wajerumani kilisafirishwa kwa treni na kushindiliwa chini ya zege. Eye yenyewe ilijengwa na vikosi vya wahandisi weusi wa jeshi la Marekani, jeshi ambalo wakati huo liliwatenga na wenzao weupe hata mahali pa kulala. Wale waliokuja kuruka kwenye zege lao walikuwa weupe.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, ndege ziliondoka na zege likabaki. Sisi watu wa ujenzi tunajua kwamba kumwaga zege ni kazi, lakini kulivunja ni gharama isiyo na faida, isipokuwa kama kuna mtu anayenunua kifusi. Mkulima aliyerudishiwa shamba lake alilikuta lina barabara tatu pana zisizokwenda popote. Kwa maoni yangu, zege hilo ndilo lililoamua hatima ya viwanja hivi kuliko mipango yoyote ya serikali. Aliyekuja akitaka ardhi tambarare, ngumu na isiyotuamisha maji aliikuta tayari.

Kule Norfolk, kwenye kiwanja cha Attlebridge, mfugaji Bernard Matthews alipanga mabanda ya bata mzinga juu ya njia za kurukia, na mpaka leo ile A inaonekana kutoka angani, imechorwa kwa mapaa. Stansted, iliyojengwa kwa ajili ya ndege za mabomu za Marekani, ni kiwanja kikubwa cha abiria wa London. Zege la Greenham Common, mahali palipowahi kuwekwa makombora ya nyuklia, lilivunjwa na sehemu yake ikaingia kwenye barabara ya mchepuko ya mji wa Newbury.

Kisa cha Silverstone ndicho kinachonifurahisha zaidi. Kiwanja hicho kilikuwa cha kufundishia marubani. Mwaka 1947 vijana wachache wenye magari waliingia wakashindana bila ruhusa, na kondoo mmoja aliyekuwa akizurura akagongwa. Mwaka uliofuata mashindano yakawa rasmi. Madereva walipitishwa hadi kwenye njia za kurukia zenyewe, na kwa kuwa wengine walikuwa wakija kwa kasi wakielekeana, waandaaji walitundika mapazia ya turubai katikati ili wasitazamane wakababaika. Hatimaye mbio zikahamishiwa kwenye ile barabara ya kuzunguka, na tarehe 13 Mei 1950 mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa Formula One zilifanyika hapo.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume: ndege zilibaki, miji ikazifuata. Port Reitz ya Mombasa, iliyotumiwa na wanajeshi wakati wa vita, leo ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Eastleigh ya Nairobi ilikuwa kambi ya jeshi la anga la Uingereza, na abiria wa kiraia nao walipitia hapo. Leo ni kambi ya Jeshi la Anga la Kenya, imebanwa na maghorofa na maduka.

Abiria walihamishiwa Embakasi, uwanja uliofunguliwa mwaka 1958. Nao pia ni zao la vita, ila vita vya aina nyingine: ulijengwa kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari kwa kutuhumiwa kuwa Mau Mau. Jengo la abiria lilihamia upande wa pili mwaka 1978 na jina likabadilika, sasa ni Jomo Kenyatta. Njia ya kurukia ni ileile.